Chapa za Bunduki Kuukuu

Msomaji, ukiwekewa mezani bunduki mbili za vita, zote ndefu, zote za mti uliofifia na chuma kilichopauka, huenda ukasema kwamba bunduki ni bunduki, wala hapana haja ya kuzipambanua. Lakini yuko mtu atakayeziinamia robo saa nzima bila kunena neno, akizigeuza upande huu na upande huu, akisoma herufi ndogo zilizogongwa katika chuma. Kisha atakuambia ya kwamba hii ilifuliwa katika mji fulani mwaka fulani, ikatekwa na taifa jingine, ikatiwa mtutu mpya, ikauzwa. Na kwamba ile ya pili ni viungo vya bunduki tatu vilivyokutanishwa na fundi. Mtu huyo hakupiga ramli. Amejifunza kusoma chuma, kama wewe ulivyojifunza kusoma karatasi.

Katika Ulaya na Marekani wako watu wengi waliojitia katika kazi hii ya kukusanya bunduki za majeshi ya zamani na kutambua aina zake. Siandiki habari zao ili nikutamanishe silaha. Naandika kwa sababu sehemu ya historia yetu sisi watu wa Afrika ya Mashariki iliandikwa katika chuma hicho, na asiyejua kukisoma hudanganyika upesi.

Wala usidhani kwamba elimu hii ni ya wageni tu. Waswahili wa pwani walikuwa na majina ya kuzipambanua bunduki kabla ya wengi wetu kujua kwamba ziko namna nyingi. Bunduki iliyowashwa kwa utambi wa moto waliiita bunduki ya mrau. Ile iliyowashwa kwa cheche ya jiwe la kiberiti waliiita gumegume. Ilipokuja ile ya kofia ndogo ya shaba inayopasuka ikigongwa na nyundo, wakaiita bunduki ya fataki. Tazama jinsi walivyoipa kila moja jina kwa namna baruti yake iwashwavyo, wala si kwa urefu wake wala kwa mapambo yake. Hiyo ndiyo njia ya mjuzi hata leo: huanza na jinsi chombo kifanyavyo kazi, kisha ndipo huingia katika herufi na nambari.

Natuingie basi katika herufi. Chukua bunduki ya Waingereza iitwayo Lee-Enfield, iliyoingia jeshini mwaka 1895, ikafupishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Jina lake la kwanza ni la James Paris Lee, mtu aliyezaliwa Scotland akakulia Kanada. La pili ni la mahali penye kiwanda cha serikali, karibu na London. Tazama pale tako la mti liungwapo na chuma, chini ya komeo. Kwa komeo nina maana ya kile chuma chenye mkono kiendacho mbele na nyuma, kutia risasi na kutoa ganda. Hapo utaona taji, na chini yake herufi za mfalme aliyetawala: V.R. kwa Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901, E.R. kwa Mfalme Edward; G.R. kwa Mfalme George, aliyeshika kiti mwaka 1910. Kisha hufuata jina la kiwanda, na mwaka. Si zote zilizofuliwa Enfield. Nyingine zilitoka Birmingham, nyingine Lithgow katika Australia, nyingine Ishapore katika India, nazo hutofautiana kwa mambo madogo madogo ambayo mkusanyaji huyafurahia kama mtoto afurahiavyo stempu za nchi za mbali. Mahali pengi utakuta mchoro wa mshale, ndiyo alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukikuta mishale miwili inayokabiliana ncha kwa ncha, ujue kwamba serikali ilikwisha kuitoa bunduki hiyo katika mali yake na kuiuza.

Wajerumani walikuwa na desturi yao. Katika bunduki yao ya Mauser ya mwaka 1898, nambari iligongwa katika mtutu, na katika komeo, na hata katika vyuma vidogo na misumari ya kukaza. Kwa hiyo mjuzi huilinganisha nambari moja na nyingine. Zikipatana zote, bunduki ile imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Zisipopatana, kuna kiungo kilichokufa kikabadilishwa, na hapo kuna kisa cha kutafutwa.

Mfano wa bunduki yenye visa ni ile ya Warusi ya mwaka 1891, iitwayo Mosin-Nagant. Ilifuliwa katika miji ya Tula, Izhevsk na Sestroretsk, lakini pia Ufaransa, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia hata Marekani. Yako maumbo yake kadha wa kadha: ya askari wa miguu, ya wapanda farasi, na fupi za nyakati za baadaye. Ile ya Makosaki yafanana sana na ile ya wapanda farasi, na mtu huijua kwa herufi tu za jina lao zilizogongwa mbele ya nambari. Wafini walipojitenga na Urusi walirithi na kuteka bunduki hizo kwa wingi, nyingine wakazinunua nchi za nje. Hawakujisumbua kufua upya ule mwili wa chuma unaobeba komeo. Waliuchukua wa Kirusi wakautia mtutu wao mpya. Kisha, tangu mwaka 1942, wakagonga herufi SA ndani ya kisanduku kidogo, yaani Jeshi la Finland. Basi yawezekana mtu kushika bunduki ya Wafini iliyopigana na Warusi, naye akiifungua na kutazama upande wa chini wa chuma chake, asome mwaka wa zamani za Mfalme wa Urusi.

Wajapani nao waligonga juu ya bunduki zao ua la petali kumi na sita, ambalo ni alama ya Mfalme wao. Mwaka 1945, walipokubali kushindwa, maua hayo yalisagwa katika bunduki nyingi kabla ya kukabidhiwa, ili alama ya Mfalme isiingie mikononi mwa adui. Kwa ajili hiyo bunduki yenye ua zima mara nyingi ni ile iliyookotwa vitani, na yenye kovu ni ile iliyosalimishwa. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana lafundisha kwamba hata mahali palipofutwa pana la kusoma.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba katika mji wa Brussels. Jambo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba wateka-watumwa walitumia bunduki. Lakini ndani ya mkataba ule mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini, bunduki za kisasa, zenye mifuo ndani ya mtutu na zinazotiwa risasi kwa nyuma, zilizuiwa zisiuzwe kwa wenyeji. Kilichoachiwa kuuzwa, tena kwa masharti, ni zile gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida. Fikiri, msomaji, maana yake. Miaka minne tu kabla ya hapo Wafaransa walikuwa wamewapa askari wao bunduki ya Lebel, ya kwanza ya jeshi kutumia baruti isiyotoa moshi, yenye kushika risasi nane ndani yake. Mwafrika aliyetaka kuilinda nchi yake aliachiwa chombo cha babu zake wa babu, cha kushindilia kwa mdeki. Kwa hiyo swali la aina ya bunduki halikuwa mchezo wa wakusanyaji. Mtu alipoangalia bunduki aliyoshika mwenzake, aliweza kujua ni nani aliyeaminiwa na nani asiyeaminiwa.

Hata walioaminiwa hawakuaminiwa sawasawa. Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani katika koloni yao, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara, lilikuwa na makampuni ya askari Waafrika chini ya maofisa Wajerumani. Mkuu wao alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Katika Ujerumani yenyewe kila askari wa mstari wa mbele alikuwa na Mauser ya mwaka 1898, yenye risasi tano. Hapa kwetu makampuni machache tu yalikuwa nayo. Askari wengi walishika Mauser ya mfano wa mwaka 1871, iliyobuniwa na ndugu wawili, Paul na Wilhelm Mauser wa mji wa Oberndorf. Bunduki hiyo ilipiga risasi moja tu, kisha ikahitaji kufunguliwa na kutiwa nyingine. Risasi yake ilikuwa donge la risasi nyeusi lenye upana wa milimita 11 na uzito wa gramu 25, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito wa risasi ya bunduki mpya. Ilimwangusha aliyepatwa nayo, hilo halikanushwi. Lakini ubaya wake mkubwa ulikuwa moshi. Baruti nyeusi inapowaka huacha wingu jeupe mbele ya mpigaji, wingu ambalo humzuia yeye asione na humwonyesha adui mahali pa kulenga. Katika vita vya msituni, ambamo kujificha ndiko kuishi, askari aliyepewa bunduki ile alikuwa kama mtu aliyeambiwa ajifiche huku amewasha moto.

Jinsi jeshi lile lilivyopata bunduki mpya ni habari inayostahili kuelezwa polepole, maana ndiyo inayowapoteza wakusanyaji. Mwanzoni mwa mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walishusha majeshi kutoka India huko Tanga, wakashindwa, wakarudi merikebuni. Pwani waliacha bunduki nyingi na mamia ya maelfu ya risasi, na kwa silaha hizo Lettow-Vorbeck alivika makampuni matatu. Mwezi wa Aprili 1915 ikaja meli Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, imebeba bunduki mpya na risasi. Manowari ya Waingereza iliifuata hata ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga kwa mizinga ikazama maji machache. Wajerumani wakazamua shehena. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na siku nyingi zilipita watu wakizifungua moja moja, wakikausha baruti na kuzifunga tena. Hata hivyo nyingine ziligoma kulia zilipohitajiwa. Mwezi wa Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika salama katika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi.

Kisha mambo yakageuka. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi lile, likiwa limeishiwa karibu kila kitu, lilivuka mto Ruvuma likawashambulia Wareno huko Ngomano, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Wareno walishindwa, na ngome yao ikawa duka la silaha lisilodai fedha. Katika koloni yao Wareno walikuwa na bunduki za namna mbalimbali. Moja ni Kropatschek ya mwaka 1886, iliyofuliwa Steyr katika Austria. Nyingine ni Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, ya milimita 6.5, yenye herufi za Mfalme Carlos chini ya taji. Hiyo ilifuliwa wapi? Ilifuliwa Berlin. Tazama basi safari ya chuma: Mjerumani alikifua, akamuuzia Mreno, Mreno akakileta Afrika, Mwafrika aliyevaa nguo za jeshi la Mjerumani akakiteka kutoka kwa Mreno, akampigia Mwingereza. Na mfalme ambaye herufi zake zimegongwa hapo alikuwa amekwisha kuuawa mwaka 1908, na ufalme wenyewe ukaondolewa miaka miwili baadaye.

Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, na jeshi la Lettow-Vorbeck lilisalimu silaha wiki mbili baadaye, tarehe 25, huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala katika Zambia. Wajerumani walikuwa 155, askari Waafrika 1,168, na pamoja nao wapagazi na wanawake wengi. Zilihesabiwa bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Miongoni mwao haikuwamo hata Mauser mpya moja ya Kijerumani.

Sasa jiulize: mtu akikuta bunduki ya Lee-Enfield katika nyumba kuukuu kusini ya Tanzania, yenye taji na G.R. na jina la Enfield, je, atasema ilikuwa ya askari wa Kiingereza? Huenda ndiyo, huenda siyo. Chapa ile yathibitisha mahali ilipozaliwa. Mkono ulioishika mwisho haukuacha chapa. Wenye haraka hukosea hapo, nao ni wengi, hata miongoni mwa watu wazima wenye vitabu vingi rafuni.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika maganda ya risasi, ambayo ni mengi kuliko bunduki zenyewe. Katika nchi ya Taita na Taveta, penye mlima mdogo wa Salaita ambako wanajeshi wa Afrika ya Kusini walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916, ardhi bado yatoa vitu vya vita vile. Maganda ya aina tatu hupambanuka kwa macho tu. Lililo nene, lenye ukingo mpana kitakoni, ni la Mauser ya 1871. Lililo jembamba lenye ukingo ni la Waingereza. Lililo jembamba lisilo na ukingo, ila lina mfereji uliochongwa kulizunguka karibu na kitako, ni la Mauser ya 1898. Kitakoni utasoma herufi: K ya kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, K na F za kiwanda cha Kirkee katika India, D na M za kiwanda cha Karlsruhe katika Ujerumani. Mtu akipata maganda ya Kiingereza yamelala kwa safu, asiseme upesi kwamba hapo ndipo walipojipanga Waingereza. Tangu siku ya Tanga Wajerumani nao walikuwa na bunduki za kupiga risasi hizo. Lazima atazame yalivyolala, yameelekea wapi, yamechanganyika na nini, na je, katikati yake kuna ganda nene la baruti nyeusi? Akiliokota na kulitia mfukoni bila kuandika lilikopatikana, amebaki na kipande cha shaba tu, na habari yake ameiacha porini isipatikane tena.

Nikutahadharishe hapa: risasi ambayo haijapigwa, hata ikiwa imepita miaka mia, yaweza kulipuka na kukukata vidole. Ukiiona, iache hapo hapo ukawaambie wenye mamlaka. Na sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuweka bunduki nyumbani pasipo kibali, iwe mpya au kuukuu.

Yako makosa mengine ya wakusanyaji ambayo hunikera zaidi kuliko haraka. Wako wanaosugua chuma kwa msasa hata king'ae kama kijiko kipya, na herufi zikaondoka pamoja na kutu. Wako wanaobadili komeo lenye nambari ngeni kwa lingine, ili bunduki ipendeze, nao hawajui kwamba lile geni ndilo lililokuwa shahidi. Na wako wafanyabiashara wanaogonga chapa mpya juu ya chuma cha zamani, kwa kuwa bunduki yenye chapa ya kikosi mashuhuri huuzwa kwa fedha nyingi. Chapa ya uongo mara nyingi hujulikana kwa kingo zake: chapa ya kweli imechakaa pamoja na chuma kilichoizunguka, na ya uongo hubaki kali, kama herufi mpya juu ya kaburi la kale.

Nimebakiza bunduki moja, nayo ni ya Kenya yenyewe, tena haina chapa hata moja. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walioingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walikuwa na bunduki chache sana za viwandani, ambazo waliziteka au kuziiba. Basi mafundi wao wakafua nyingine. Mtutu ulikuwa bomba la maji. Komeo lilikuwa komeo hasa, la mlangoni, lile lile ambalo mama hulifunga jioni. Nguvu ya kulisukuma ligonge risasi ilitoka katika vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Tako lilichongwa kwa mti wa msituni. Risasi iliyotumika mara nyingi ilikuwa ya Lee-Enfield, ambayo nguvu yake ni kubwa mno kwa bomba la maji, na aliyefyatua aliweza kuumia yeye kabla ya aliyelengwa. Walijua hayo, wakafyatua.

Chini ya sheria za wakati ule kupatikana na silaha au risasi kuliweza kumpeleka mtu kitanzini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ile, na mamia kati yao kosa lililoandikwa lilikuwa hilo la silaha na risasi. Dedan Kimathi mwenyewe, alipohukumiwa Nyeri mwezi wa Novemba 1956, alihukumiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Baadhi ya bunduki zile za bomba zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho Uingereza. Mjuzi akiletewa moja huigeuza kama ilivyo desturi yake, akitafuta taji, au mshale, au jina la mji, na hapati. Hupata mikwaruzo ya tupa, mahali fundi alipokaza na mahali alipochoka, na katika mti wa tako, mapigo ya kisu kisicho kikali sana.